Maneno Yangu Mdomoni mwa Askari wa Ng'ambo

Duka la intaneti la kwanza nililolijua Tukuyu lilikuwa chumba nyuma ya duka la mitumba. Ulipita katikati ya makoti yanayonuka dawa ya nondo, ukasukuma pazia, ukakuta kompyuta chache zimefunikwa vitambaa kama maiti. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Redio za watu binafsi, simu za mkononi, maduka yaliyojaa vitu ambavyo utotoni mwetu tulivisikia tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga Msasani ya hapo hapo Tukuyu, na siku ya kwanza kutuma imeili nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyerudi kutoka Ulaya.

Mwenye duka alikuwa bwana wa makamo aliyewahi kuishi Dar es Salaam, mpole, anayenukia sabuni. Karibu sote tulikuwa hatujui kufungua anwani, kwa hiyo alitufungulia yeye. Neno la siri alituwekea lile lile sote: jina la duka lake.

"Usihangaike, mwalimu," aliniambia. "Hivi huwezi kusahau."

Nilimshukuru. Mji mzima ulimshukuru.

Niliyekuwa namwandikia ni muuguzi mmoja wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Alikuwa jirani wa dada yangu. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa huko na mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu mwenye suti na gari, ambaye baba yetu alimpenda tangu siku ya kwanza. Mtu huyo alikuwa anampiga. Sisemi makofi. Mara ya mwisho alimfanyia kitu ambacho siwezi kukiandika tena, maana nilishakiandika mara moja na nitaeleza kilichotokea. Muuguzi ndiye aliyemtibu kwa siri nyumbani kwake, akamvalisha kanga zake, na asubuhi akamvusha mpakani pamoja na akina mama waliokuwa wanakuja Kyela kununua mchele.

Dada alifika kwangu anatembea kwa kujikongoja kama bibi kizee. Nilijua mume atamtafuta kwangu kwanza, kwa hiyo nikampeleka Masoko kwa shangazi yetu, kwenye migomba, mahali ambapo gari likiingia mbwa wote wanajua.

Baada ya hapo mimi na muuguzi tukawa tunaandikiana. Simu ya mkononi hakuwa nayo, na barua ya posta mume angeweza kuiona, maana kule kila mtu alimjua. Imeili tuliiona kuwa ni chumba chenye mlango. Muuguzi aliuliza dada yako anaumwa wapi hasa, damu imekata, anakojoa vizuri? Nami nilimuuliza dada, nikaandika majibu yake kama yalivyo, kwa lugha ya mwanamke na muuguzi wake. Aliuliza pia anakaa wapi, maana alitaka kumtumia dawa kwa mtu. Nikamweleza: Masoko, nyumba ya bati jekundu, ukishapita kanisa.

Mchana mmoja wa mvua, mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nilikuta askari wetu mmoja ninayemfahamu kwa sura, na mgeni aliyevaa koti la mvua la kiraia. Mgeni alisimama kwa heshima, akanipa mkono, akanisalimu kwa Kingonde, ambacho ni Kinyakyusa chetu kabisa ila kimepindishwa kidogo. Ungesema ni mjomba aliyekuja kuposa.

Yule askari wetu akasema, "Mwalimu, huyu ni mwenzetu kutoka ng'ambo. Anamtafuta dada yako. Kuna shtaka la wizi."

"Kaiba nini?"

"Mali ya mume wake," mgeni akajibu.

"Mali gani? Alikuja na kanga za kuazima."

Mgeni akatabasamu. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi zilizokunjwa, akalamba kidole gumba, akazifunua. Niliona kwa juu anwani yangu, ile niliyofunguliwa nyuma ya makoti. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Alisoma kuhusu damu. Alisoma kuhusu mkojo. Alipofika kwenye lile neno, lile lenyewe, alisimama, akamwangalia askari wetu, na wote wawili wakacheka puani.

"Hili nalo umeliandika wewe, mwalimu? Mtu mwenye elimu?"

Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Angeweza kusema naomba niwapishe. Hakutoka. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho, na kesho yake wake za walimu wenzangu walijua mwili wa dada yangu kuliko mganga wake.

Nilisema, "Hizo ni barua zangu. Mmezipata kwa idhini ya nani?"

"Upelelezi," askari wetu akasema, kama mtu anayetaja aina ya chakula.

Nilikataa kusema dada alipo. Mgeni akakunja karatasi, akaniambia kwa upole, "Hatujakuja kukuuliza, dada. Tumeshatoka Masoko. Tulitaka tu uthibitishe kwamba mwandishi ni wewe, tusije tukamwonea mtu."

Kwa shangazi nilifika jioni, nimelowa. Nilimkuta amekaa jikoni, chungu kiko mbele yake, hajakiosha. Alinisimulia huku Kiswahili na Kinyakyusa vikigongana mdomoni mwake.

"Alinisalimu vizuri, mwanangu. Aliinama kabisa. Mugonile, mama. Nikajua ni mtu wa watu. Nikamkaribisha, nikampakulia mbalaga."

"Akala?"

"Akala! Akaomba aongezewe ndizi. Akashukuru, ndaga, mama, umenikumbusha kwa bibi yangu. Akanawa mikono. Dada yako ndiye aliyemmwagia maji, hakumjua." Shangazi akakisukuma kile chungu pembeni. "Alipomaliza kunawa akamshika hapa." Akajishika kiwiko. "Mikono bado ina maji. Akasema, haya shemeji, twende nyumbani."

Alimwita shemeji. Hapo ndipo tulipoelewa. Hakuwa askari aliyetumwa na mahakama wala na mkubwa yeyote. Alikuwa ndugu wa yule mume; binamu yake, muuguzi aliniambia baadaye.

Tangu siku hiyo kuna aina ya adabu siiwezi. Mtu akiniinamia sana, akininyenyekea sana kwa salamu ndefu, narudi nyuma.

Asubuhi nilikwenda kwa askari wetu. Nilimuuliza hati ya kumkamata iko wapi, hakimu gani alisikiliza, na mtu anavushwaje mpaka kama gunia. Alikuwa anakula karanga. Hakuacha kula.

"Mwalimu, sisi na wenzetu tuna ujirani mwema. Leo mimi namsaidia, kesho ananisaidia. Kwani mhalifu akivuka mto anakuwa mtakatifu?"

"Na sheria?"

"Sheria ipo. Ila inachelewa." Akapuliza maganda ya karanga mezani, mengine yakaniangukia mkononi. "Na wewe, mwalimu, angalia vitu unavyoandika. Havipendezi."

Nikaenda nyuma ya makoti. Mwenye duka aliponiona alisimama, uso wake umejaa huruma. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, ile huruma.

"Walikuja na kitambulisho, dada yangu. Ni serikali."

"Serikali ya wapi? Yule mmoja hata si wa nchi hii."

"Sasa mimi ningewauliza nini?"

"Uliwafungulia mwenyewe?"

"Niliwafungulia ili wasiharibu mashine." Akashusha sauti. "Na sikusoma, wallahi. Niligeuza uso. Niliwachapia tu." Halafu akavuta kiti, akapangusa kwa kiganja. "Kaa. Leo tumia nusu saa, sikutozi."

Nikatoka. Nilipofika kwenye mtaro nikatapika. Mama mmoja muuza parachichi akaniletea maji, akanipa pole ya mimba.

Nilishuka mpaka Kasumulu, mpakani. Afisa uhamiaji, mtu mzima mstaarabu, alifunua vitabu vyake akatikisa kichwa. Mwanamke wa jina hilo hajavuka. Askari wa ng'ambo naye hajaingia. Kwa maandishi hakuna kilichotokea. Dada yangu alikuwa bado yuko Masoko anakula ndizi.

"Walipita njia za panya," aliniambia. "Mto ukipungua unavuka kwa miguu."

Hakuniruhusu kuvuka bila hati, akasema sheria ni sheria. Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Sikuwa na njia nyingine, nikampigia muuguzi hospitalini kwake kwa simu ya mezani ya posta. Alikuwa ameshajua. Yule askari wa kwao alikuwa ameshampitia na karatasi zile zile, amemsomea mbele ya daktari mkuu wake jinsi alivyomtorosha mke wa mtu. Alitarajiwa kuhamishwa kituo. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Achana na hayo. Kituo cha polisi nimeshakwenda. Dada yako hayupo, na hakuna shtaka lolote la wizi. Hawajawahi kulisikia. Yule askari kampeleka moja kwa moja kwa mume."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Wewe tulia huko. Hapa tupo wanawake."

Walikwenda akina mama wa kanisa lake. Walikaa uani kwa yule mwenye suti na gari, wakaimba, wakapika, wakaimba tena, wakawaeleza wateja wake wa vipuri kilichowaleta. Askari binamu alikuja kuwafukuza, mama mmoja mzee akamuuliza mbele ya watu kama anazo zile karatasi, awasomee na wao. Aliondoka. Mume alivumilia wiki nzima na kidogo, kisha biashara ikamshinda, akafungua mlango. Muuguzi alimleta dada mwenyewe mpaka daraja la mpakani. Safari hii aliandikwa kitabuni.

Alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele na haoni vizuri kwa jicho la kushoto. Nilimwogesha kwangu Msasani. Nilikuwa namsugua mgongo aliponiuliza, bila kugeuka:

"Walisoma yote?"

"Yote."

"Hata lile?"

Nikasema ndiyo. Maji yakapoa. Kisha akasema, "Huyo binamu njia nzima garini alikuwa ananiita kwa neno hilo. Nilidhani mume wangu ndiye aliyemwambia." Akachukua sabuni mkononi mwangu, akaanza kujiosha upya, kuanzia usoni.

Muuguzi alihamishwa kweli, mbali kaskazini. Mwalimu mkuu alistaafu kwa sherehe na tukamchangia kitenge. Malalamiko yangu niliyapeleka wilayani mara kadhaa. Mara ya mwisho karani aliniambia nilete ushahidi, yaani zile karatasi. Nikamuuliza, unataka na wewe uzisome? Sikurudi tena.

Dada anaishi Mbeya sasa, ana kibanda cha kushonea, hana mume na hataki. Miaka mingi baadaye nilikutana na yule askari wetu kwenye harusi Kawetele. Alikuwa amenenepa, amepanda cheo, amekaa meza ya mbele. Alinyanyuka, akaja na tabasamu mpaka nilipokuwa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu! Siku nyingi. Dada hajambo?"

Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi. Niliiweka chini ya kiti, nikachukua mkoba wangu, nikatoka nje kwenye mvua, na bibi harusi hadi leo ananilaumu kwamba niliondoka kabla ya keki.