Mgeni Rasmi na Jicho la Furu

Kioo kikikatika sawasawa hakipigi kelele. Kinasema "tak" mara moja, kavu, basi. Kikikatika vibaya ndiyo kinalia, kinamwaga vipande hadi chini ya meza. Ile "tak" bado ninayo sikioni, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kuvunja vioo kwa koleo ili tupate visu. Chuma chochote ni butu mbele ya kioo kilichovunjika vizuri.

Nilikuwa binti niliyeishia darasa la saba, kutoka Mkolani. Kazi niliipata kwenye ofisi moja ya utafiti wa samaki, pale ziwani, Mwanza. Nilifagia, nikaosha chupa, nikavunja vioo, na muda uliobaki niliota ndoto. Fundi wa maabara alikuwa mwanamke wa Misungwi, na mimi nilimwita Dada. Yeye alikuwa anakata jicho la furu.

Furu ni wale samaki wadogo ambao sangara aliwamaliza. Huyu wetu alinaswa mara moja kwenye nyavu, mwenye rangi ambayo wavuvi wenyewe waliishangaa, na mwingine hakuonekana tena. Dada alililoweka jicho lake kwenye dawa, akaligandisha ndani ya plastiki ya njano hadi likawa gumu kama kifungo, halafu akachonga ncha kwa wembe. Mashine, ikiwa imefungwa kisu changu cha kioo, ndiyo ilikata vipande kutoka kwenye ile ncha, vyembamba kiasi kwamba huvioni. Unaona rangi tu inaelea juu ya maji ya kibakuli kilichobandikwa kwenye kisu. Ikiwa ya fedha, Dada alitabasamu. Ikiwa ya dhahabu, kipande ni kinene, alisonya.

Hadubini ya elektroni ya kuvitazamia haikuwepo Mwanza. Vipande vingepelekwa Ulaya na mtafiti mmoja mgeni, na huyo alikuwa amemwahidi Dada jambo moja: vikiwa vizuri, mwaka unaofuata atakwenda mwenyewe kusomea kuvitazama. Safari yake yote ilikuwa ndani ya lile jicho. Na mimi, bila kualikwa, nilishakuwa naye kwenye ndege.

Sasa, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, kila kitu kilikuwa kinazinduliwa. Mtu akifungua kibanda cha soda Buhongwa, lazima mgeni rasmi, lazima maspika. Mkuu wetu wa ofisi naye, aliyekuwa anaingia maabara pale tu alipotafuta spiriti ya kufutia miwani, akaona mashine yetu haijazinduliwa. Tulikuwa tumeitumia tangu masika, lakini kwake ilikuwa haijaanza kazi, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyeipigia makofi.

Mgeni rasmi akachaguliwa: tajiri wa kiwanda cha minofu ya sangara. Yaani aliyetajirika kwa mlaji aliitwa kumkata aliyeliwa.

"Utepe ni mambo ya kizamani," Mkuu akatuambia. "Mheshimiwa atakata samaki mwenyewe, kwa mkono wake."

"Mzee, jicho ni hili moja tu," Dada akasema. "Naomba nimalize kwanza, yeye akate mabaki."

"Mabaki! Mgeni rasmi apewe mabaki? Kwenu Misungwi mgeni anapewa makombo?"

Dada akarudi kwenye mashine yake. Mimi nikakumbuka kwamba sina cheo chochote, nikaendelea kuvunja vioo, ila kwa hasira.

Siku yenyewe wakajaa humo ndani suti tupu, marashi yanagombana na dawa zetu. Kazi ile hata ukipumua vibaya kipande kinapeperuka. Mkuu akawasha pangaboi, mgeni asitoke jasho. Dada akamwelekeza mgeni kwa adabu: "Shikamoo Mheshimiwa. Zungusha hili gurudumu kubwa, taratibu. Hiki kigurudumu kidogo usikiguse, kinasogeza samaki kwenye kisu."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimekata samaki tangu hujazaliwa," akasema, watu wakacheka sana, wengine kabla hajamaliza. Akashika kile kidogo. Kilikuwa kinang'aa zaidi. Akakizungusha kama anafungua bomba la maji.

Kra! Kisu kikapasuka, na ncha ya plastiki, jicho likiwa ndani yake zima, ikaruka kama punje ya mtama.

"Amekata!" Mkuu akapaza sauti. Makofi. Kigelegele kikapigwa na karani wa mapokezi ambaye hata hakuwa ameona. Dada akapiga magoti kwenye vumbi la viatu vyao. Aliitafuta kwa viganja mpaka akaipata, na kabla hajasimama Mkuu alishaichukua mkononi mwake.

"Hii ni kumbukumbu!"

Akailaza juu ya pamba, ndani ya kisanduku cha pete, akakiweka kwenye dawati lake. Nchi nyingine zina makumbusho. Sisi tulikuwa na hicho.

Wageni walipokwenda kula, Dada akamfuata. "Mzee, nikiigandisha hiyo punje kwenye kitako kipya cha plastiki, inakatika tena. Jicho halijaharibika. Mtafiti anaondoka keshokutwa."

"Mheshimiwa akirudi akakuta kipande chake hakipo, nitamwambia nini? Tafuta samaki mwingine. Ziwa lote hilo!"

Dada akarudi maabara, akaanza kufunika mashine kwa kitambaa. "Mdogo wangu, basi," akaniambia. "Kapumzike." Hakulia. Afadhali angelia. Nilimlilia mimi njia nzima ya Mkolani, halafu nilipofika nyumbani nikamkumbuka yule tajiri na bomba lake la maji, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Asubuhi niliwahi. Ofisi ya Mkuu nilikuwa naisafisha mimi, na ufunguo nilikuwa nao. Nikafungua kile kisanduku, nikaichukua punje yetu kwa ncha ya kidole. Kisha nikatoa kitana changu nywelani, cha plastiki ya njano, nikavunja jino moja, nikalikata kipande kidogo kwa meno na kukilaza vizuri katikati ya pamba. Kilipendeza kuliko jicho. Nikakifuta kisanduku vumbi, nikafunga mlango, nikaenda kuiweka punje kwenye meza ya Dada kabla hajafika.