Vidonge vya Kunenepesha

Mke wangu alipokonda, watu walianza kuniangalia mimi. Kwetu Msambweni mgonjwa hutazamwa, na wanaokuja kumtazama hawaji kimya. Shemeji yangu, mdogo wake, aliketi kitandani akamshika mkono.

"Shemeji, dada yangu unamlisha upepo? Hata kuku wako wana nyama kumshinda."

Tulicheka sote, lakini mimi utani ule uliniingia.

Mke wangu alikuwa ameanza kutibiwa Mombasa, uvimbe wa saratani kwenye figo. Daktari, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alitueleza kwa subira. Ndani ya uvimbe hakuna saratani peke yake, alisema. Zimo pia seli za kinga, askari wa mwili wenyewe. Baadhi yao wametekwa, wanaujengea uvimbe mishipa ya damu na kuufungulia njia ya kwenda mapafuni. Wengine wangepigana, ila uvimbe umewalaza. Dripu yake ilikuwa ya kuwaamsha hao.

"Kwa hiyo, baba, dawa nyingine yoyote mniulize kwanza."

Niliitikia. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikadhani nimeelewa.

Wiki ileile nilikwenda Ukunda, kwenye duka ambapo mabibi harusi hununua vidonge vya kunenepesha. Havina jina, hufungwa katika kijikaratasi. Nikamwambia mke wangu ni vitamini. Akaanza kuomba wali wa nazi, mashavu yakajaa, na wageni wakanipa pongezi. Nikazipokea.

Tuliporudi kliniki, daktari alimtazama usoni asitabasamu.

"Mama, unakunywa nini?"

"Vitamini tu, mwanangu. Mzee ndiye anayenipa."

Nilikuwa navyo mfukoni. Niliviweka mezani, nikasema nilikovitoa. Akasema vingi vya aina hiyo huwa na steroidi, na kwamba dawa hiyo huwalaza askari walewale anaohangaika kuwaamsha.

"Basi tumeviacha leo," nikasema upesi.

"Hapana, baba. Mwili umeshavizoea, ukimwachisha ghafla unaweza kumwangusha. Tutavipunguza kidogo kidogo, mimi mwenyewe nikiangalia."

Akaagiza picha ya kifua. Nilimuuliza kama nimeufungulia uvimbe njia. Alisema hajui, na picha huenda nayo isimwambie sababu.

Nje, mke wangu aliketi kwenye benchi, akaupakata mkoba wake.

"Ungeniambia nimekukondea," akasema, "ningekula kwa kujilazimisha."

Nilimwomba msamaha, akasema amesikia.

Bado hatujapigiwa simu ya majibu ya picha. Simu ikilia naikimbilia, hata kama ni muuza maji. Dawa alizoandikiwa sasa zimo katika mkoba wake, anaulalia. Wakati wa kumeza ukifika huniita nimletee maji, kisha hungoja nitoke ndipo aufungue.