Bakuli la Minji Nililomnyang'anya Murugi

Wamucii anauza minji, zile njegere za kijani, sokoni Karatina. Anazimenya papo hapo, kidole gumba kikipasua ganda, macho yakiwa kwa mteja, mdomo ukiwa kwa jirani. Watu humwita Mama Murugi, kwa sababu ya bintiye wa miaka tisa, mtoto ambaye ukimwambia akae, ataanza kwenye kiti na kumalizia dirishani.

Aprili alinipigia simu. Mimi ni Kihara, mwalimu nusu: stashahada ya ualimu niliiacha mwaka wa pili, lakini wakati wa likizo nafundisha tuisheni watoto saba sebuleni kwa shangazi, na hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza cheti.

"Mwalimu, shule wamesema wakifungua, Murugi asome ukurasa mzima mbele ya mkuu. Akishindwa, ati nimtafutie shule ingine. Niko na wiki tatu."

"Mama, wiki tatu kwangu ni nyingi," nikamjibu. Mdomo wangu haujawahi kukosa kazi.

Murugi alikuja na kitabu na bakuli la minji. Akaliweka mapajani, akaanza kumenya huku nafundisha. Pa. Pa. Pa. Nikaona ni dharau. "We Murugi, hapa ni darasa ama ni soko?" Nikalipeleka bakuli jikoni, nikamgeuzia kiti kitazame ukuta. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa wananitazama na mimi napenda kutazamwa, nikaongeza: "Wateja, tulieni. Mama Soko amefunga kibanda."

Walicheka mpaka Gatimu, mtukutu wao, akaanguka sakafuni. Siku nzima wakamwita Mama Soko. Murugi alihesabu nyufa za ukuta. Najua kwa sababu aliniambia ni kumi na nne. Hakusoma hata mstari. Siku ya tatu hakuja.

Nilijiambia ni mafua. Wiki ilipoisha nikaenda Karatina kumweleza mamake kwamba mtoto wake hana nidhamu. Hotuba nilikuwa nayo tayari.

Niliwakuta nyuma ya magunia. Murugi alikuwa anamenya, kitabu kimeegemezwa kwenye gunia, na anasoma. Polepole, akirudia maneno, lakini anasoma. Ganda likipasuka, neno linatoka. Aliponiona akanyamaza.

"Endelea, mami," mamake akamwambia.

"Na huyu?"

"Huyu hatasema kitu."

Murugi akanigeuzia mgongo, akaendelea.

Wamucii akanisukumia kigoda. "Kaa umenye. Usinisimamie kama askari wa kaunti."

Nikakaa. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe alikuwa hivyo shuleni kule Tetu: mikono ikitulia, kichwa kinaondoka. Mwalimu mmoja akamfunga mikono kwa sweta yake mwenyewe, mbele ya darasa lote.

"Nikaacha nikiwa darasa la sita. Sikuwa mjinga, kijana yangu. Nilichoka kuchekwa." Akatupa maganda. "Huyu wangu naye nilimwona hapa hapa. Mikono ikiwa na kazi, masikio yanakaa. Si ungeniuliza tu bakuli ni ya nini?"

Muuza nyanya wa kando akainua shingo. "Huyu ndiye yule mwalimu?"

"Ndiye," Wamucii akasema. Akachukua ganda lingine.

Nikamgeukia Murugi. "Rudi kesho. Na bakuli lako."

"Wataniita Mama Soko."

"Nitaongea nao."

"Wewe ndiye uliwaambia," akasema, bado kanipa mgongo.

Kesho yake alisimama mlangoni na mamake, hataki kuingia. Nikasimama mbele ya wale saba. Ilikuwa ngumu kuliko siku niliyomwambia baba nimeacha chuo.

"Lile jina nilimpa mimi, na lilikuwa la kipumbavu. Minji zinamsaidia kusoma. Mimi ndiye sikujua kumfundisha."

Kisha Gatimu: "Lakini Ticha, hata wewe ulicheka."

Jibu kali lilifika kwenye ulimi. Lingewavunja mbavu wote. Nikalimeza.

"Ndiyo," nikasema. "Nilicheka kuliko nyinyi nyote."

Wamucii hakutikisa kichwa wala kutabasamu. Alimwachia tu mtoto mkono. Murugi akapita mbele yangu bila kunisalimia, akachagua kiti cha mbali kabisa nami, akaweka bakuli lake mapajani, akafungua kitabu.