Hakuna Kutangulia

Siku tuliyomzika baba, watu walipanga mstari kunipa pole. Pole binti, pole mwanetu, kazi ya Mungu haina makosa. Nikawa naitikia tu. Halafu akafika mzee mmoja mfugaji, shuka begani na fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Hakusema pole. Aliniuliza, "Yule mtu, alimpata ndugu yake?"

Shangazi akanivuta pembeni, akaninong'oneza nimsamehe mzee wa watu, umri umemchanganya. Wapi! Mzee alikuwa na akili zake timamu. Mimi ndiye niliyekosa jibu, nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Ngoja nikueleze, maana ukiijua habari hii utaelewa kwa nini swali lile liliniuma hivyo.

Baba alikuwa mchungaji wa kanisa huko juu Mbulu, kwenye ukungu na vitunguu saumu. Usharika ulikuwa mmoja, makanisa madogo saba, na zile barabara mvua ikinyesha ni mtu anayeibeba pikipiki. Sisi watoto tulimjua baba kwa koti: amelivaa anatoka, au amelivaa anaingia. Wagonjwa walikuwa na baba, wafiwa walikuwa na baba, sisi tulikuwa na mama. Jumapili moja akasimama madhabahuni aombe. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Akasimama vile vile mpaka mama alipoanzisha wimbo kumsitiri. Wazee wa kanisa walikaa kikao wakampa miezi mitatu apumzike. Tukafunga mizigo, tukateremka Nangwa kwa bibi, chini ya mlima Hanang. Nilikuwa na miaka kumi.

Jamani, ile miezi! Mama alitupangia utaratibu. Asubuhi neno la Mungu, anasoma mama, maana baba kuomba kwa sauti bado kulimshinda, na baada ya kusoma tunanyamaza kila mtu na mawazo yake. Jua likishapanda, baba anatusomea hadithi kibarazani. Jumamosi tunatembea. Tulipanda mlima hadi msitu unapoanzia, au tulishuka hadi ziwani Balangida, ambako chumvi imetanda nyeupe na ng'ombe wanairamba. Tulibeba viazi vya kuchemsha vikiwa bado vya moto, mimi nikiweka viwili mifukoni kupasha mikono. Njiani kulikuwa na saa moja ya kutosema neno, kisha kila mmoja ataje kitu alichokiona. Mdogo wangu kila wiki alitaja kinyesi cha tembo. Tembo wenyewe hatukuwaona hata siku moja, na baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa nimewahi kumwona baba akikaa chini kwa kucheka.

Kitabu chetu kilikuwa kinene, jalada limeshatoka, hata jina lake sikulijua. Kilimhusu mtu aliyekwenda kwa miguu nchi baada ya nchi akimtafuta ndugu yake aliyepotea. Baba alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na kila sura ikiisha tulimwomba aongeze kidogo. Alikataa. Sheria ilikuwa moja: tunasoma pamoja, hakuna kutangulia. Aliyekamatwa anachungulia kurasa za mbele aliosha vyombo wiki nzima. Nimeviosha sana.

Lakini ulikuwa msimu wa mavuno, na Nangwa si mahali pa mwanaume mzima kukaa kibarazani na kitabu mchana kweupe wakati mahindi yako shambani. Baba alivuna jioni tu, daktari alikuwa amemkataza jua kali. Nani angejua? Majirani waliona kitabu. Bibi alipepeta maharage mbele yetu kwa hasira, maganda yakitujia machoni, akisema, "Kitabu hakijazi ghala." Majirani wakaanza kuleta uji kwa mgonjwa. Wengine walileta uji ili waone kama kweli ni mgonjwa au kafukuzwa kazi.

Yule mfugaji naye alikuja hivyo hivyo. Alikuwa wa upande wa Dirma, hakuwa mtu wa kanisa, na kila mwaka bibi alimruhusu alishe ng'ombe wake mabua ya mahindi baada ya kuvuna. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, yale yenye harufu ya mkaa wa mti, akamkabidhi baba. "Kunywa, upone." Akakaa kusubiri kibuyu chake, akakuta tunasoma. Kesho yake akarudi. Keshokutwa aliwaacha ng'ombe na vijana, akafika hata kabla ya chai. "Yule mtu amefika wapi?" Sura ya tatu alishaanza kumgombeza yule msafiri kwa kupita njia mbaya, eti mtu gani anavuka nyika bila kuuliza maji yako wapi.

Nami nikaanza dhambi yangu. Usiku wengine wakiomba baba apone, mimi niliomba asipone. Nilisema wazi ndani ya shuka: Mungu, mwache hivi hivi. Akipona, koti linamchukua.

Mwezi wa pili wa mapumziko haujaisha, nikatumwa mashine kusaga. Hapo nikamkuta mzee wa kanisa kutoka Mbulu, ameshuka kwenye basi, anauliza njia ya kwetu. "Shikamoo babu." "Marahaba. Baba hajambo? Tumemkumbuka mno, tunataka tumwombe arudi mapema." Sikufikiri mara mbili. "Baba ni mgonjwa sana. Hata sauti haitoki. Daktari amesema asionane na mtu." Mzee akavua kofia, machozi yakamlenga. Akageuza na basi lile lile.

Nilirudi na unga wangu nikiimba.

Jumamosi iliyofuata likaja lori. Kwaya nzima, wazee wa kanisa, kondoo, magunia ya vitunguu saumu, akina mama wameshaanza kulia tangu barabarani. Na baba je? Baba alikuwa uani, suruali ameikunja hadi magotini, anacheza mpira wa matambara na sisi, anapiga kelele za kudai goli. Kilio kikakatika ghafla. Yule mzee akasema, "Mchungaji, tuliambiwa huna hata sauti."

Baba akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akawageukia. "Mliambiwa kweli. Sauti ilikuwa imekauka." Akawaangalia mmoja mmoja, vumbi la safari nyusoni mwao, akainamisha kichwa akaomba. Kwa sauti. Mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Watu walilia kwa furaha, bibi akapiga vigelegele. Mimi nililia kwa sababu uongo wangu ndio uliomwita yule wa koti arudi.

Jumatatu tulifunga mizigo. Baba hakunikemea, hata siku moja. Alichukua suke la ngano, akaliweka kwenye sura ya tisa, akafunga kitabu. "Tutamaliza. Hakuna kutangulia."

Hatukumaliza. Miaka mingi nililisema kanisa kwa kuninyang'anya baba. Lakini baba alistaafu, akajenga hapo hapo Nangwa, kibaraza kama kile cha bibi. Na mimi? Nilikuja Krismasi, siku mbili, simu mkononi, napanda kilima kutafuta mtandao. "Utakaa lini, mama?" aliniuliza. Nikasema mwakani, baba.

Baada ya mazishi nilifungua sanduku lake. Kitabu kilikuwepo. Suke lilikuwepo, sura ya tisa, limesagika karibu kuwa unga. Nikamuuliza mama kama baba hakuwahi kuendelea, hata uzeeni, na muda wote ule aliokuwa nao.

"Nilimwambia asome," mama akasema. "Kila mavuno nilimwambia. Akasema, mtoto hajaja."

Yule mzee mfugaji alikuwa bado uani, amekaa kwenye kigoda, anasubiri jibu lake.