Bi Saumu na Kadi Zinazofuata Mwezi

Saa nane na nusu mchana, Ijumaa, jua la Agosti linawaka juu ya majaruba ya chumvi nje kidogo ya Ufukoni, Mtwara. Bi Saumu Shaibu amesimama mbele ya sanduku la chuma, kadi moja mkononi. Anaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Kuwasha, saa tisa na robo. Kuzima, saa kumi na moja na robo. Lango la mfereji, kulifungua mizunguko sita."

Kila anapotaja saa, fundi Mathayo anachomeka kijiti cha shaba kwenye tundu lake katika sahani iliyomo sandukuni. Sahani hiyo huzunguka yenyewe usiku na mchana kama saa ya ukutani. Kijiti cha kwanza kikifika juu, pampu ya umeme hujiwasha na kuvuta maji ya bahari kutoka mkondoni; cha pili kikifika, hujizima. Hakuna mtu wa kugusa kitu.

"Rudia ya kuzima, mama," anasema Mathayo.

Bi Saumu anarudia. Mathayo anayahesabu matundu mara ya pili, maana siku tisa zilizopita aliyahesabu vizuri vilevile na pampu ikaungua.

Bi Saumu ana umri wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Mikindani. Kabla ya kuajiriwa kukwangua chumvi alikuwa akienda mwambani na wanawake wenzake kuchokoa pweza maji yakitoka. Kazi hiyo haina saa ya ofisini. Anayekosea kuhesabu siku za mwezi anarudi nyumbani na kapu tupu, au analowa hadi kifuani.

Pampu ilipoletwa mwaka 1970, mhandisi aliyeifunga alionyesha jinsi ya kupanga vijiti, akafunga mizigo yake akaenda zake. Hakusema vipangwe saa ngapi. Maji hujaa kwa kuchelewa karibu saa nzima kila siku, kwa hiyo kila asubuhi palizuka ubishi sandukuni, kila mmoja na saa yake.

"Nikawaambia, mbona tunabishana kila siku jambo lile lile?" anasimulia. "Tuliandike mara moja, basi."

Wakati huo alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima na mkono ulikuwa unamwasha kuandika. Kwa miezi miwili alikaa kando ya mkondo na saa aliyoazimwa na karani, akiandika maji yanapanda lini na yanashuka lini. Alipomaliza alikata maboksi ya sabuni, akapata kadi thelathini, moja kwa kila siku ya mwezi mwandamo. Bahari hurudia mwendo wake na mwezi, kwa hiyo kadi ya kumi na tano inafaa kila mwezi unapofika siku yake ya kumi na tano. Kazi ya kila asubuhi ikawa ni kutoa kadi kwenye kopo na kuhamishia saa zake kwenye vijiti. Ubishi ukaisha.

Mambo yaliharibika mwezi huu. Binti yake, Hamisa, alijifungua huko Naliendele, na Bi Saumu akaomba ruhusa akamuuguze. Kopo la kadi alimwachia Mathayo, mwenyeji wa Masasi, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi mitatu karibu na bahari.

"N'limwambia kila siku na kadi yake," anasema Bi Saumu. "Nikaona nimeaga vizuri."

Tarehe 16 Agosti Mathayo alitazama kalenda ya ofisini, akatoa kadi ya kumi na sita, akapanga vijiti bila kukosea hata tundu moja. Lakini mwezi angani ulikuwa wa siku ya sita. Ni siku za maji mafu, bahari isipojaa hadi mkondoni, na kadi ya sita ina neno moja tu: Usiwashe. Alasiri ile pampu ikajiwasha yenyewe mkondo ukiwa mkavu, Mathayo akiwa ghalani. Ilifyonza tope mpaka ikatoa moshi.

Bi Saumu aliporudi, alikuta Mathayo ameshabebeshwa lawama zote na baadhi ya wenzake hawamsalimii. Aliwaita wote penye sanduku.

"Kosa ni langu," aliwaambia. "Nimeandika kumi na sita. Sikuandika kumi na sita ya nini. Nilidhani dunia nzima inahesabu kama mimi."

Mathayo anasema hakuyatarajia maneno hayo. "Mimi nilikuwa nimeshafunga begi," anakiri.

Mota ya pampu ilipelekwa mjini kusukwa upya nyaya zake. Wakati huo majaruba yalizidi kukauka, na meneja akatoa tamko: bamvua hili, yaani siku hizi za maji makubwa, likipita majaruba hayajapata maji, wafanyakazi wote arobaini na wawili wataenda nyumbani hadi mwakani, kwani maji huchukua zaidi ya mwezi kugeuka chumvi na mvua haziko mbali. Pampu imerudishwa leo asubuhi. Leo mwezi ni wa kumi na tano.

Saa tisa kasorobo, wanaume wamerudi kutoka sala ya Ijumaa na wamekaa kwenye kingo za majaruba. Mwanahawa, mkwanguaji wa siku nyingi na mtani wa Mathayo, anamwuliza kama ametazama mwezi au ametazama kalenda. Watu wanacheka kidogo.

Saa tisa na robo sanduku linatoa mlio mdogo. Pampu inakohoa, inatapika maji meusi, halafu bomba linajaa na maji safi ya bahari yanaingia kwenye mfereji kwa kishindo. Bi Saumu anakaa chini palepale kwenye chumvi, anafunika uso kwa kanga na kulia. Mathayo anachuchumaa karibu naye, anasema, "Yameingia, mama. Pole." Hakuna anayewatania.

Maji yakiwa nusu jaruba, Bi Saumu anaomba kalamu. Juu ya kila kadi anaandika: HESABU NI YA MWEZI MWANDAMO. Kwenye ukuta wa ghala Mathayo amekwisha kugongomea msumari. Mwezi ukiandama, kadi ya kwanza itatundikwa hapo, na kila asubuhi itafuata nyingine. Mwezi ukiishia ishirini na tisa, ya thelathini inarukwa.

Mwandishi wa habari hii anamwuliza Bi Saumu sasa anatamani nini.

"Mimi nikitoka hapa nalala na mashaka, nikiugua naona aibu kuugua," anasema. "Natamani siku moja nishikwe na homa, nijifunike gubigubi nyumbani kwangu, na maji yaingie bila mtu kuja kunigongea."