Kwenda Kibondo Kulitetea Jina la Bibi Anastazia

Kabla sijaiona Kasulu, niliisikia taipureta. Ukungu wa alfajiri ulikuwa umeziba dirisha la gesti, na chumba cha pili shangazi yangu Tekla alikuwa akigonga herufi kama mtu anayetwanga kisamvu.

Shangazi ni wakili wa haki za raia, na chuo kikifunguliwa hufundisha sheria ya uchaguzi. Wanafunzi wake walikuwa likizo, akanichukua mimi, mwandishi wa riwaya isiyokwisha, nimbebee mashine. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa unakaribia. Tulikuwa tunakwenda kumtetea Bibi Anastazia, mkulima wa Mabamba, wilayani Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi. Jirani yake Filbert, mgombea udiwani, alikuwa amemwekea pingamizi: ni Mrundi, afutwe kwenye daftari la wapiga kura. Kosa la bibi lilikuwa kumcheka mkutanoni.

Saa mbili asubuhi tulipata lori la chumvi. Milima ikawa inaibuka ukunguni mmoja mmoja, nami nikaiandikia sentensi ndefu, hadi lori liliporuka shimo na kalamu ikanichora shavuni. Shangazi akasema hiyo ndiyo sentensi yangu bora.

Alasiri, Kibondo. Nilidhani tunakwenda kula. Shangazi akaniketisha masjala ya mahakama, tupekue majalada ya kesi za mashamba. "Mtu akimkana jirani," akanifundisha, "tafuta siku aliyomhitaji." Jalada la kumi na moja lilinipigisha chafya, na ndani yake nikamkuta Filbert.

Kesho yake, mbele ya hakimu, bibi alisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," huku akipiga makofi taratibu. Filbert akadokeza kwamba hata Warundi hupiga makofi. Shangazi hakubishana. Alimwomba tu asome kwa sauti maneno yake mwenyewe yaliyomo jaladani, ya siku alipogombania mpaka wa shamba.

Filbert akasoma, sauti ikipungua: "Shahidi wangu ni mama huyu. Amezaliwa hapa hapa Mabamba. Minyaa ya mpaka ilipandwa akiona."

"Uliapa?" hakimu akauliza.

Filbert akatazama dari. Akikiri, bibi anabaki daftarini. Akikana, shamba linaondoka. Akachagua shamba.

Njiani kurudi Kasulu nilikiri kwamba nimejifunza kuheshimu vumbi la masjala. Lakini somo kubwa lilikuwa la bibi, pale pale mahakamani. Filbert alimfuata hadi karibu na mlango, mpole ghafla.

"Sasa mama, yamekwisha. Kura yako si utanipa?"

Bibi akamtazama shangazi, aliyemfundisha sheria ya uchaguzi jana yake jioni hadi chai ikapoa.

"Mwanangu, hiyo ni siri," akasema, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.