Kaburi Lililofukiwa Tupu

Mvua ikinyesha Mpitimbi, harufu ya samadi ndiyo iliyotangulia kufika kwetu. Zizi lilikuwa juu mlimani, sisi bondeni, na kila kilichooshwa huko kiliteremka hadi mlangoni mwetu. Mama alichimba mifereji mpaka akachoka. Wala msidhani tulijenga pale kwa kupenda. Wangoni walipokuja kutoka kusini, enzi za vita vyao, walijenga vijiji kuzunguka ng'ombe: wenyewe karibu na zizi, na wale waliowateka wakawekwa pembezoni, wakaitwa Wasutu. Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwetu ilikuwa kinyume, wageni ndio walioshika kamba na wenyeji tukafungwa. Nilipozaliwa mimi utawala wao ulikuwa umekwisha zamani, shule ilikuwa moja na kanisa moja, lakini wao walikuwa bado juu na sisi bado chini.

Babu mzaa baba alikuwa mtu wa chini aliyeoa binti wa juu. Waliishi bondeni hadi uzeeni, wakitaniana na kugombana kutwa nzima. Bibi alipofariki, ndugu zake walikuja kuuchukua mwili, wakasema mtoto wao hawezi kulala matopeni. Babu hakubishana nao. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja tu, na kila nilipompelekea uji alirudia lile lile: akifa, alazwe kando ya mke wake. Baba alimwahidi.

Alifariki masika yaliyofuata. Baba na majirani walipanda mlima asubuhi, wakachimba kando ya kaburi la Bibi, nami nikawa nimesimama karibu na Mama. Kabla hawajamaliza akafika Mzee Zakaria, mkubwa wa ukoo wa Bibi, na vijana wa majirani zake wenye majembe. Baba alimwamkia shikamoo, akapiga magoti kwenye udongo ule mbichi, akamweleza ombi la marehemu. Mzee hakuitikia hata marahaba. Akasema, "Msutu halali na wenyewe. Fukieni." Wale vijana wakafukia kaburi lisilo na mtu, udongo ukimrukia Baba magotini. Katekista alikuwepo, yule yule aliyetufundisha kila Jumamosi kwamba mbele ya Mungu sote ni sawa. Alikuwa anatazama viatu vyake. Tulimzika Babu bondeni. Shimo lilikuwa linatoa maji; Baba aliyachota kwa ndoo, yakajaa tena, mwishowe jeneza likashushwa hivyo hivyo. Mnyonge hana haki, watu wazima walisema, kisha wakanawa mikono wakala ugali. Mimi sikula. Niliwachukia watu wa juu chuki ambayo sijawahi kuitubu, na sina mpango.

Sasa naishi Ruhuwiko, mjini, ambako hakuna anayekuuliza babu yako alijenga upande gani wa zizi. Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Wanaosema hivyo hawakuona maji yakichotwa kaburini. Mwaka huu walikuja wazee kumposea kijana wao binti yangu Agnesi. Ni watu wa juu, si ndugu zetu kwa damu, na kijana mwenyewe ni mpole, mwalimu, ila babu yake alikuwa mmoja wa wale walioshika majembe. Niliwapikia vizuri, nikawaamkia wote kwa heshima. Kisha nikauliza swali moja.

"Siku binti yangu akifa, mtamlaza wapi?"

Walitazamana. Mkubwa wao akakohoa, akasema mambo ya makaburi ni lazima kwanza wakaulize nyumbani. Nikawaambia wamalize chai yao, wakaulize. Hawajarudi. Agnesi hanisemeshi, anapita sebuleni kama vile sipo. Na aninunie. Heri anichukie mimi akiwa hai kuliko wao wamkatae akiwa maiti.